Kila Mtu Alete Chake

Jumanne, 4 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu juzi ulipopiga simu nilisema "ndiyo" na "hapana" tu, mpaka ukauliza kama kuna mtu amenishikia kisu. Hakuna. Ni mimi tu, unanijua. Simu ikifika sikioni maneno yote yanakimbilia tumboni. Kwenye karatasi yanarudi.

Kazi inaendelea. Nimemaliza shule, na sasa nakata nyuzi za sare za shule. Kila shati linalopita mikononi mwangu naliona kama linaniuliza, "Umeshindwa kuondoka?" Shangazi anakaa cherehani ya tatu kutoka dirishani, lakini dirisha lenyewe msimamizi amelipigilia misumari, eti vumbi la barabarani linachafua mashati meupe. Vumbi la vitambaa tunalolivuta ndani halimsumbui. Mlango nao anaufunga kwa kufuli tukishaingia, na ufunguo unashinda mfukoni mwake. Watu wanamwita Bwana Pasi, kwa sababu chini ni moto na juu ana mpini laini wa kushikia. Shangazi anakohoa. Anasema ni uzee, na hata hamsini hajafika.

Sasa habari yenyewe. Jumapili ya tarehe 16 kuna pikniki, kwenye bustani iliyo karibu na bwawa! Ni watu kama kumi na wawili wa kiwandani, na mimi nimo. Shangazi amegawa nani alete nini. Mama Vifungo, yule mnene anayeshona vifungo, ataleta mkate. Fundi Mkasi, mkata vitambaa, viazi vya kuchemsha. Shangazi chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, na mimi mayai. Dada, sijawahi kualikwa na watu wazima. Wanavyonong'ona juu ya hiyo pikniki utafikiri wanapanga kumtorosha bibi harusi.

Lakini jana Mama Vifungo alimwomba Bwana Pasi ruhusa ya kutokuja zamu ya Jumapili.

"Una nini?"

"Pikniki."

"Na nani?"

"Na watu wangu."

Leo asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Bwana Pasi akasimama juu ya kiti akatusomea kitu kwenye simu yake. Kwamba neno pikniki lilianzia Marekani, wakati wazungu walipokuwa wakimkamata mtu mweusi yeyote, wanamtundika mtini, na familia zao zimekaa chini na vikapu vya chakula wakitazama. Akasema, "Mtu mweusi anayekwenda pikniki anakula juu ya kaburi la babu yake. Humu ndani neno hilo nisilisikie, na jambo lenyewe nisilione."

Mama Vifungo akasema, "Basi tuiite mandari, kama bibi zetu." Watu wakacheka. Bwana Pasi hakucheka. "Iite hata harusi," akasema. "Haipo."

Shuleni tulilisema neno hilo mara ngapi? Tafadhali niulizie huko chuoni, kwenye maktaba. Kama ni kweli sitalitamka tena. Kama si kweli, basi naye amedanganywa, na mtu aliyedanganywa anastahili kuambiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Sisimizi


Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Naandika mbiombio kabla mdogo wako hajarudi kutoka dukani. Ameniambia amekuandikia. Na mimi nikwambie ambalo hakukuandikia, maana halijui.

Ile pikniki si ya kula. Kiwandani hakuna pa kuongea. Mashine zikilia hamsikilizani, zikinyamaza Bwana Pasi yuko nyuma ya shingo yako anapumua. Mwisho wa mwezi Tajiri mwenye kiwanda anakuja. Tunataka tumwendee kwa pamoja, dirisha lifunguliwe na mlango usitiwe kufuli watu wakiwa ndani. Siku moto ukishika mle, mwanangu, tutaiva na maganda yetu. Mmoja akisema anaitwa mkorofi. Wakisema kumi na wawili, hilo ni ombi. Jumapili ndiyo ya kukubaliana nani aanze na nani aitikie.

Mtoto sijamwambia. Uso wake ni nyumba isiyo na pazia, ukipita tu unaona hadi jikoni. Akienda kununua chumvi anamweleza muuza duka inakwenda kwenye chungu gani. Kwa hiyo na wewe funga mdomo. Tutakwenda hivyohivyo kimyakimya, Bwana Pasi apende asipende.

Kikohozi kipo, hakijahama. Soma vitabu vyako.

Shangazi yako


Jumatatu, 10 Machi

Sisimizi wangu,

Marahaba! Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na wenzangu wa chumbani wanauliza mtu anayeandika hivi anawezaje kukaa kimya kwenye simu. Nimewaambia wewe ni mtungi: ukisimamishwa humwagi, ukiinamishwa hukomi.

Nimekwenda maktaba. Mkutubi amenitolea kamusi tatu za asili ya maneno, moja nzito kiasi cha kuzuia gari lisirudi nyuma. Jibu ni hili: si kweli. Neno limetoka kwa Wafaransa, na lilikuwapo tangu miaka ya elfu moja na mia sita, zamani sana kabla ya mauaji hayo. Sehemu yake ya kwanza ni kudonoa, kama kuku. Ya pili wanasema ni kitu kidogo kisicho na thamani, ingawa hapo hata wenyewe hawana hakika. Na unajua? Mwanzoni haikuwa lazima kula nje. Walikula sebuleni. Kilichoifanya iwe pikniki ni kwamba kila mtu alileta chake. Hakuna mwenyeji, hakuna mgeni, hakuna wa kumshukuru mwenzake. Mambo ya kutandika mkeka kwenye majani yalikuja baadaye.

Lakini usiruke kwa furaha. Mauaji yenyewe yalitokea. Watu walitundikwa kweli, na wengine walikwenda kutazama kama wanaokwenda kwenye mechi. Zipo picha. Mkutubi alinionyesha moja nikamwomba afunge kitabu. Ila neno halikuzaliwa pale. Kuna watu huchukua msiba wa kweli wakaubebesha uongo, na wewe ukiukataa uongo wanasema umeukataa msiba.

Haya, msomee shangazi. Kazini usiende kubishana. Bwana Pasi si mtihani wa mwisho wa mwaka. Waache wakubwa wapange yao, wewe chemsha mayai yako na uhakikishe hayapasuki.

Dada yako


Alhamisi, 13 Machi

Dada yangu,

Leo nimeongea! Kaa chini kwanza.

Barua yako ilifika jana. Najua ulisema nisibishane, na sikubishana, nilieleza tu. Jana jioni niliyanakili maneno yako kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wangu wa mtihani, yale ya Wafaransa na yale ya kudonoa, na ya picha pia, ili asione kama ninaudharau msiba. Wakati wa chai shangazi alipokuwa chooni nikaenda hadi mezani kwa Bwana Pasi. Nikampa karatasi.

Akaisoma yote, Dada. Akavuta kiti, akasema, "Kaa." Tangu nianze kazi hakuna aliyenipa kiti. Akasema, "Kumbe humu ndani kuna msomi nami namkatisha nyuzi." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kisha akaniuliza, taratibu, kama mwalimu mzuri, "Kwa hiyo maana yake ni kila mtu kuleta chake?"

Nikasema ndiyo.

"Hebu nipe mfano nielewe. Hapa kwetu, tuseme, ingekuwaje?"

Na mimi nikampa mfano. Nilitaka aone wazi kwamba hakuna ubaya wowote, ni chakula tu na watu wanaopendana. Mama Vifungo mkate, Fundi Mkasi viazi, yule dada wa kola ndizi, mzee wa kushona zipu karanga, nikaendelea mpaka mwisho, mimi mayai. Akawa anaitikia kwa kichwa kila nikitaja. Akauliza aliyepanga vizuri hivyo ni nani. Nikasema ni shangazi. Akasema, "Shangazi yako ana kichwa cha kupanga watu." Nilitamani angekuwa karibu asikie anavyosifiwa.

Mwishoni akasema, "Nilikosea. Ni jambo jema mtu kujua maana ya mambo." Akaikunja karatasi akaiweka mfukoni, kule kwenye ufunguo.

Nilipomwambia shangazi, alikuwa na uzi mdomoni, anautafutia tundu la sindano. Akautoa mdomoni. Halafu akasema, "Umefanya vizuri kusoma." Nadhani alichoka. Jioni hakula.

Jumapili nitakuletea habari zote, hadi nani amekula zaidi.

Sisimizi wako (anayeongea!)


Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu,

Nimeona umepiga simu tangu jana. Sikupokea kwa sababu tunaishi chumba kimoja na masikio ya mtoto yako hapahapa. Nadhani barua yake imekufikia, ndiyo maana.

Pikniki haikuwapo. Jumamosi Bwana Pasi alituita ofisini mmojammoja. Amekaa na karatasi mezani, mwandiko mzuri, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Nikaujua mara moja, mimi ndiye niliyemnunulia kalamu ya kwanza. Ananiambia, "Karibu, Bi Chai." Hivyo ndivyo alivyotuita wote. Bi Mkate. Bwana Viazi. Bi Ndizi. Kila aliyeingia aliambiwa achague: aseme alikuwa anakwenda kula tu na hajui lingine, abaki, au asimame upande wa Bi Chai, aondoke naye.

Sikumlaumu aliyebaki. Mzee wa zipu ana wajukuu watano mkononi. Mimi, Mama Vifungo na Fundi Mkasi ndio tuliotoka. Fundi Mkasi aliacha mkasi wake juu ya meza akasahau, ikabidi agonge mlango auombe, na mlango wenyewe ulikuwa umetiwa kufuli. Mama Vifungo alicheka hadi akalia. Sijui kipi kilianza.

Mtoto hakuitwa. Nimemwambia kazi imepungua, wamepunguza watu, na pikniki imeahirishwa. Ameamini. Amesema, "Lakini shangazi, wewe ndiye unayeshona vizuri kuliko wote, atakuwa amekosea hesabu, nikamweleze?" Nikamshika mkono. Nikamwambia, sikiliza, mtu mzima akikosea mwache akosee.

Usije. Usiache chuo. Na usimwambie.

Shangazi yako


Jumapili, 23 Machi

Dada,

Shikamoo.

Sitaandika mengi. Jana nilikutana na Mama Vifungo sokoni. Nilimkimbilia nimsalimie. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mkate wangu ulikuwa mtamu?" Sikuelewa. Akasema, "Ule uliompelekea Bwana Pasi. Ameula wote. Hajabakisha hata ganda."

Nikamwuliza ana maana gani, na palepale katikati ya nyanya na vitunguu akaniambia. Ya dirisha, ya mlango, ya Tajiri, ya Jumapili. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Alipomaliza akaniona jinsi nilivyo, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake na kusema, "Kumbe hata wewe hawakukwambia." Kisha akaenda zake.

Nilikuwa wa kumi na mbili. Mimi mayai. Kumbe mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nakwenda kula.

Nimerudi kuisoma barua yako. "Waache wakubwa wapange yao." Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani unanitania. Sasa nakuuliza swali moja na unijibu kwa neno moja tu.

Ulijua?

Mdogo wako


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Ulitaka neno moja, nimekupa, lakini siwezi kuishia hapo. Shangazi aliniandikia na kunikataza. Nilikaa na ile barua yake na nikakuandikia ya kwako huku naitazama. Nilijiambia nakulinda. Nilijiambia anayejua kidogo hulala vizuri. Ukweli ni kwamba nilifurahia. Nilifurahia kuwa mimi ni miongoni mwa wakubwa, na wewe ukiwa bado yule wa kuchemsha mayai. Hata ile safari ya maktaba niliifanya kwa mbwembwe. Nilikupa asili ya neno tangu kwa Wafaransa, nikakunyima kilichokuwa kinatokea palepale unapokatia nyuzi.

Usijitese. Wewe ulisema kweli. Mtu aliyesema kweli hana la kujutia.

Naweza kuja. Naweza kuacha muhula huu nitafute kazi, tusaidiane.

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Usije. Shangazi anasema ukiacha chuo atakupiga kwa mwiko mbele ya wenzako, na unajua anaweza.

Nilikwenda kwa Bwana Pasi. Nilimwambia na mimi nilikuwa wa pikniki, na nilijua yote, ya dirisha na ya mlango, kwa hiyo anifukuze. Ni uongo wangu wa kwanza mkubwa, na niliufanyia mazoezi njia nzima. Akanitazama tu, akatabasamu. "Hukujua kitu," akasema. "Wewe huwezi kudanganya, ndiyo maana nakupenda." Ameniondoa kwenye nyuzi. Sasa nakagua mashati yaliyokamilika, na nina kiti.

Nilitaka kuacha kazi. Shangazi akasema, "Mkono mmoja umekatika, unataka kukata wa pili kwa huruma? Kesho amka uende." Basi naamka naenda. Yeye anabaki kitandani anajifanya amelala ili nisione aibu ninapovaa viatu.

Tajiri alikuja juzi. Alipita katikati ya mashine na kitambaa puani, akasema mashati ni meupe sana. Hakuna aliyemwambia kitu. Mzee wa zipu alifungua mdomo, akapiga chafya, akaufunga.

Unasema aliyesema kweli hana la kujutia. Mwambie Fundi Mkasi.

Mdogo wako


Jumatatu, 14 Aprili

Dada,

Umeniandikia mara mbili sijajibu. Sina hasira za kukupigia kelele, zimeisha, kimebaki kitu kingine ambacho hakina kelele. Nakuandikia hii kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Jana kiwanda kilifanya pikniki. Ndiyo, Bwana Pasi mwenyewe aliitangaza. Alisema amefanya utafiti, neno halina ubaya, na Tajiri ametoa nyama, soda, hata viti vya plastiki, kama zawadi kwa watu wenye nidhamu. Mtu asije na kitu chochote, akasema, njooni na matumbo yenu. Ilikuwa kwenye bustani ileile karibu na bwawa. Nilikwenda kwa sababu asiyekwenda angeandikwa hakufika kazini.

Tulikaa kwa safu kama tulivyokaa kwenye mashine. Wanawake waliniachia nafasi pande zote mbili, ningeweza kulala. Dada wa kola aliniomba chumvi bila kuniangalia.

Kabla ya kula Bwana Pasi akasimama. "Kuna msomi wetu hapa," akasema, "aliyenifundisha maana ya pikniki. Njoo uwaambie."

Dada, unajua mimi na kusimama mbele za watu. Darasani mwalimu aliponiita ubaoni chaki ilikuwa ikivunjika mkononi. Safari hii sikungoja kuitwa mara ya pili. Nilisimama. Nikawatazama wote, kiti hadi kiti, na pale ambapo wale watatu wangekaa. Nikasema:

"Maana yake ni kwamba kila mtu alete chake, pasiwe na mwenyeji wala wa kumshukuru. Leo hatukuruhusiwa kuleta kitu. Kwa hiyo hii si pikniki. Sijui inaitwaje."

Nilidhani ardhi itapasuka. Nilidhani sasa atanifukuza, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshavaa viatu vya kutembea mbali.

Bwana Pasi akapiga makofi. Alipiga makofi kuliko wote. "Mmesikia?" akasema. "Zamani ilibidi mtu ajibebee chakula chake! Sisi hapa Tajiri ametubebea. Mpigieni makofi Tajiri!" Na wakapiga, Dada. Mzee wa zipu alipiga. Dada wa kola alipiga, na machoni nilimwona, alikuwa amenisikia vizuri sana, na akaendelea kupiga.

Nikakaa. Wakanipa sahani.

Sikula. Nyama yangu niliifunga kwenye karatasi ili niitupe njiani, lakini nilipofika kwenye jalala mkono ukakataa. Nyumbani hatujaonja nyama tangu shangazi aondolewe. Nikaingia nayo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anarekebisha pindo la sketi ya jirani kwa mkono, cherehani hatuna. Aliona karatasi ina mafuta. Hakuuliza imetoka wapi. Bustani ileile aliichagua yeye, atakuwa alijua tangu nilipofungua mlango.

Akaipokea. Akala taratibu, na kikohozi kikimkatiza, anatulia, anaendelea. Alipomaliza akalamba kidole, akasema wangeipunguzia chumvi. Kisha akarudi kwenye pindo.

Nitaendelea kwenda kazini. Mlango bado unatiwa kufuli. Sasa nakaa karibu nao, kwenye kiti changu, nausikia kila asubuhi unavyofungwa nyuma ya mgongo wa mtu wa mwisho.

Mimi